Chumba Kwanza, Maiki Baadaye

Vifaa vya kurekodi vimeshuka bei kiasi kwamba studio haihitaji tena jengo la peke yake. Kijana wa Mbagala au Kayole mwenye kompyuta, kadi ya sauti ya nje na maiki moja anaweza leo kutengeneza wimbo, kaswida, podikasti au tangazo la biashara na kuliweka mtandaoni kabla jua halijazama. Hiyo ni neema kubwa, kwa sababu zamani aliyekuwa na kipaji bila fedha alibaki mlangoni mwa studio za watu. Hata hivyo, kazi nyingi zinazotoka katika vyumba hivyo zina ugonjwa uleule: mwimbaji anasikika yuko mbali, sauti ina mwangwi wa bafuni, maneno yamefifia na besi inavuma ovyo. Mwenye studio akisikia hivyo, wazo la kwanza ni kutafuta maiki ya bei zaidi. Anajinyima, anakopa, ananunua, kisha anashangaa kuona ugonjwa uko palepale. Ninashikilia kwamba dawa haiko dukani. Ubora wa sauti huamuliwa kwanza na chumba, na mahali mdomo na maiki vinapokaa ndani ya chumba hicho. Kifaa kipya hufuata baadaye, na mara nyingi wakati huo kinakuwa hakihitajiki tena.

Tuanze na namna sauti inavyosafiri. Katika hewa yenye joto la kawaida, sauti huenda takriban mita 343 kwa sekunde. Mwimbaji akitoa neno, sehemu yake inaingia kwenye maiki moja kwa moja, na sehemu nyingine inakwenda ukutani, darini na sakafuni, inagonga na kurudi. Ikiwa ukuta uko mita moja nyuma ya mwimbaji, sauti iliyogonga ukuta huo husafiri mita mbili zaidi na kuifikia maiki ikiwa imechelewa kwa karibu sehemu 6 za elfu moja za sekunde. Muda huo ni mfupi mno kwa sikio kutambua mwangwi wa pekee, lakini madhara yapo. Wimbi lililochelewa linajichanganya na lile la kwanza; baadhi ya sauti zinaongezewa nguvu na nyingine zinafutana. Kwa umbali huo, zinazodhoofika ni zile za mitetemo 86 hivi kwa sekunde, kisha 257, kisha 429, na kuendelea hivyo hadi juu. Ukizidisha hesabu hiyo kwa kuta nne, dari, sakafu na meza ya kompyuta, utaelewa kwa nini sauti nzuri inaingia kwenye kompyuta ikiwa imetobolewa matundu. Hakuna maiki, hata ya mamilioni, inayoweza kukataa kupokea mawimbi hayo. Maiki bora zaidi huyapokea kwa uaminifu zaidi.

Msomaji anaweza kuuliza: mbona tukiongea chumbani hatusikii kasoro hiyo? Jibu ni kwamba tuna masikio mawili na ubongo unaofanya kazi kubwa nyuma yake. Mjerumani Helmut Haas alieleza katika utafiti wake wa mwaka 1949 jinsi ubongo unavyoipa nafasi sauti iliyotangulia kufika na kuyayeyusha ndani yake marudio yanayofuata upesi. Maiki haina ubongo. Hupokea kila kitu kwa usawa, na tukisikiliza tena kupitia spika au simu, mwangwi wote unatoka mahali palepale panapotoka sauti, wala hatuna tena njia ya kuvitenganisha. Ndiyo maana chumba kinachoonekana kufaa kwa mazungumzo kinaweza kuwa kibaya sana kwa kurekodi. Anayekihukumu kwa masikio matupu atadanganyika. Kinapaswa kuhukumiwa kwa kile kilichorekodiwa.

Vyumba vyetu vina tatizo la ziada kwa namna vilivyojengwa. Kuta za saruji zilizopigwa lipu, sakafu ya vigae na madirisha ya vioo ni nyuso ngumu ambazo hurudisha karibu sauti yote inayozigonga. Vyumba vingi pia ni vidogo na vinakaribia mraba. Kila jozi ya kuta zinazotazamana ina sauti zake nzito ambazo huzikuza. Kuta zilizoachana kwa mita 3 hukuza mitetemo 57 kwa sekunde, na pia 114 na 171. Sauti ya mwanamume anayezungumza huanzia takriban mitetemo 85 hadi 180, kwa hiyo baadhi ya maneno yake yatavuma na mengine yatapotea kulingana na mahali aliposimama. Chumba chenye urefu na upana sawa huongeza balaa, kwa kuwa jozi mbili za kuta zinakuza sauti zilezile. Hata nyumba za mawe za Lamu na Unguja, ambazo kuta zake nene za matumbawe huzuia vizuri kelele za nje, hazikwepi kanuni hii. Upana wa vyumba vyake uliwekewa mpaka na urefu wa boriti za mikoko, kwa kawaida chini kidogo ya mita 3, na hivyo besi huvuma karibu na mitetemo 60.

Kwamba tiba ya chumba inawezekana, na kwa vitu vya kawaida, ni jambo lililothibitishwa zaidi ya karne moja iliyopita. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara katika jumba la makumbusho la Fogg ambao haukuweza kutumika ipasavyo. Neno likitamkwa humo liliendelea kuvuma kwa zaidi ya sekunde 5 na kuyafunika yaliyofuata. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine, akapewa kazi ya kutafuta dawa. Usiku, mji ukiwa umetulia, yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi wa Sanders, wakaipanga ndani ya ukumbi ule, wakapiga filimbi ya kinanda na kupima kwa saa muda ambao sauti ilichukua kufifia. Kadiri mito ilivyoongezeka ndivyo mwangwi ulivyofupika, na kwa mpangilio uliotabirika. Kutokana na kazi hiyo Sabine alipata kanuni ambayo wahandisi wa sauti wanaitumia hadi leo: zidisha ujazo wa chumba kwa mita za ujazo na 0.161, kisha gawanya kwa jumla ya uwezo wa chumba kumeza sauti. Jibu ni idadi ya sekunde ambazo mwangwi unadumu.

Tuitumie kanuni hiyo kwa chumba cha kawaida cha kupanga chenye urefu wa mita 3.5, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.7. Ujazo wake ni mita za ujazo 28 hivi, na nyuso zake sita zina jumla ya mita za mraba 56. Kama ni kitupu, na nyuso hizo zinameza wastani wa asilimia 3 tu ya sauti, mwangwi utadumu karibu sekunde 2.7. Sasa weka mita za mraba 10 za vitu vinene vinavyomeza asilimia 80, na muda huo unashuka hadi nusu sekunde hivi. Kitanda, nguo na miili ya watu itaushusha zaidi. Hakuna maiki inayouzwa popote ambayo kuibadilisha kwa nyingine kunaleta tofauti ya kiasi hicho. Hapo ndipo nguvu ya hoja hii ilipo: magodoro mawili, zulia na kabati la nguo lililoachwa wazi vinafanya kazi ambayo mashine ya gharama haiwezi kuifanya.

Lakini si kila kitu laini kinafaa, na hapa ndipo wanaoanza wengi hupoteza fedha. Uwezo wa kumeza sauti unategemea unene. Sauti kali ya mitetemo 10,000 ina wimbi la urefu wa sentimita 3.4, kwa hiyo kitambaa au sponji nyembamba huikamata. Sauti nzito ya mitetemo 100 ina wimbi la karibu mita 3 na nusu, na hiyo hupita kwenye sponji ya sentimita 2 bila kusumbuliwa. Anayefunika ukuta mzima kwa sponji nyembamba huondoa trebo na kuiacha besi ikivuma, na chumba kinasikika kizito na kilichoziba kuliko mwanzo. Trei za mayai ni mbaya zaidi: humeza kidogo sana, hazizuii kelele, na zinashika moto upesi. Njia yenye faida ni fremu za mbao zilizojazwa pamba ya mawe au pamba ya kioo yenye unene wa sentimita 10, zikafunikwa kwa kitenge na kuachwa mbali kidogo na ukuta, kwa kuwa nafasi ya hewa nyuma yake huongeza uwezo wa kumeza sauti nzito. Anayezitengeneza avae glavu na kufunika pua na mdomo. Asiyeweza kuzipata atumie godoro nene la sufi au usumba, au mablanketi mazito yaliyokunjwa mara kadhaa. Na suala la moto lisichukuliwe kwa wepesi. Mwaka 2003, katika klabu ya The Station, jimbo la Rhode Island nchini Marekani, sponji iliyobandikwa ukutani ilishika moto kutokana na fataki za jukwaani na watu 100 wakafariki. Chumba kilichojaa sponji na nyaya za umeme kinahitaji mlango usiozibwa na uangalifu wa kudumu.

Baada ya chumba huja umbali, na umbali haugharimu hata senti. Sauti inayotoka mdomoni hupungua haraka kadiri inavyosafiri, ilhali mwangwi umeenea chumba kizima kwa kiwango kinachokaribiana. Mwimbaji aliyesimama sentimita 60 kutoka kwenye maiki akisogea hadi sentimita 15, sauti yake ya moja kwa moja inaongezeka kwa desibeli 12, yaani nguvu yake inakuwa mara 16, na mwangwi unabaki ulipokuwa. Kwa hiyo kanuni ya shubiri moja au pungufu kati ya mdomo na maiki inaponya kasoro nyingi kwa mkupuo. Ukaribu huo una gharama zake: maiki nyingi za mwelekeo mmoja huongeza besi mdomo ukizikaribia, na pumzi ya herufi p na b huzipiga kwa kishindo. Tiba yake ni kuielekeza maiki pembeni kidogo ya mdomo, na kuweka mbele yake soksi nyembamba ya nailoni iliyovutwa juu ya duara la waya. Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba maiki ya aina hiyo husikia zaidi upande wa mbele, ambako yuko mwimbaji na ukuta ulio nyuma yake. Wengi hubandika sponji nyuma ya maiki na kuacha wazi ukuta ulio mgongoni mwa mwimbaji. Godoro moja tu likiwepo, mahali pake pa kwanza ni mgongoni mwa mwimbaji, naye asimame mbali na katikati ya chumba na mbali na pembe zake.

Wapo watakaosema kwamba adui yao si mwangwi bali kelele: bodaboda, jenereta la jirani, kuku, mvua juu ya bati. Malalamiko hayo ni ya kweli, lakini yanahitaji tiba tofauti, na kuzichanganya tiba hizi mbili kumewagharimu watu wengi. Vitu laini hutuliza sauti iliyo ndani ya chumba. Haviizuii ile inayotoka nje. Kelele huzuiwa na uzito na kufungwa kwa matundu. Hata kuongeza uzito wa ukuta mara mbili hupunguza kelele kwa takriban desibeli 6 tu, kwa hiyo anayeanza afikirie kwanza matundu: pengo chini ya mlango, dirisha lisilofunga vizuri, uwazi kati ya ukuta na paa. Mpira wa mlango na blanketi lililosokotwa vinaweza kuleta nafuu inayosikika. Feni, kiyoyozi na friji vizimwe wakati wa kurekodi, hata kama joto litawalazimu watu kupumzika kila baada ya dakika chache. Mgongo wa maiki, ambako inasikia kwa uchache zaidi, uelekezwe kwenye chanzo cha kelele. Dhidi ya mvua juu ya bati hakuna ujanja wa bei nafuu. Hapo silaha ni ratiba, na saa za usiku wa manane au alfajiri ni rasilimali ya studio kama vifaa vingine.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wakubwa wa muziki wanatumia vifaa vya bei ya juu, kwa hiyo vifaa ndivyo siri. Rekodi zenyewe zinasema vingine. Mwaka 1982 mhandisi Bruce Swedien alitumia maiki ya Shure SM7 kurekodi sauti ya Michael Jackson kwa ajili ya albamu ya Thriller, katika studio za Westlake, Los Angeles. Maiki ya ukoo huo bado inauzwa, na bei yake haifiki robo ya zile za fahari zinazopamba picha za studio kubwa. Kilichogharimu fedha nyingi pale Westlake kilikuwa kuta, dari na ujuzi wa watu. Mwaka huohuo Bruce Springsteen alirekodi albamu ya Nebraska chumbani, katika nyumba aliyokodi New Jersey, kwa mashine ya kaseti ya njia nne na maiki mbili za Shure SM57 zinazopatikana katika maduka ya kawaida ya muziki. Billie Eilish na kaka yake Finneas walitengeneza sehemu kubwa ya albamu yao ya mwaka 2019 katika chumba cha kulala nyumbani kwao Los Angeles, na mwaka 2020 ikapata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka. Mifano hii haithibitishi kwamba vifaa havina maana. Inathibitisha kwamba kifaa cha wastani, kikiwekwa mahali panapofaa na mtu anayejua anachosikiliza, hakimzuii mtu kufika kileleni.

Wengine watajibu kwamba siku hizi programu za kompyuta zinasafisha kila kitu. Ni kweli kwamba zimepiga hatua, na mngurumo wa feni usiobadilika unaweza kupunguzwa vizuri. Mwangwi ni jambo jingine, kwa kuwa umetengenezwa kwa sauti ileile ya mwimbaji na umejipaka juu ya kila silabi. Programu ya kuuondoa inalazimika kukisia kipi ni sauti na kipi ni chumba, na ikikisia vibaya inakula ncha za maneno na kuacha sauti ya bandia. Maji yakimwagika hayazoleki. Zaidi ya hayo, miksi ya kisasa inaongeza ugonjwa badala ya kuupunguza. Nyimbo za Bongo Fleva na za vijana wa Nairobi hubanwa sana ili zisikike na nguvu kwenye simu na kwenye daladala au matatu. Kubanwa huko kunainua sehemu tulivu za rekodi, na humo ndimo mwangwi ulimojificha. Programu za kunyoosha sauti nazo hufanya kazi vizuri zinapopewa sauti moja kavu, na huyumba zinapokuta noti iliyopita bado inavuma chini ya noti mpya. Anayependa uzuri wa mwangwi, kama ule unaozipamba kaswida na nyimbo za kwaya, anaweza kuuongeza baadaye kwa kiasi anachotaka. Kilicho kikavu kinaweza kuloweshwa. Kilichorekodiwa kikiwa kimelowa hakikauki.

Kuna mambo mawili yasiyotegemea chumba ambayo ni haki kuyataja. La kwanza ni kiwango cha kurekodi. Wengi husukuma sauti hadi taa nyekundu iwake wakidhani wanapata nguvu, na sauti iliyokatwa vilele haitengenezeki. Katika mfumo wa biti 24 hakuna sababu ya kufanya hivyo, kwa kuwa vilele vikikaa desibeli 6 hadi 12 chini ya kikomo, kelele za mashine bado zitakuwa mbali chini. La pili ni umeme. Mngurumo wa mitetemo 50, ambayo ndiyo kasi ya umeme wa gridi nchini Tanzania, Kenya na Uganda, mara nyingi hutokana na kuchomeka vifaa kwenye soketi tofauti au kupitisha waya wa maiki sambamba na waya wa umeme. Soketi moja kwa vifaa vyote na waya wa maiki wenye pini tatu huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo, na kuchomoa chaja ya kompyuta wakati wa kurekodi huondoa sehemu nyingine.

Kwa anayeanza, basi, mpangilio wa kutumia fedha uwe hivi. Kwanza tumia maiki uliyonayo, imba mstari uleule katika sehemu nne au tano tofauti za chumba, kisha sikiliza kwa hedifoni ni wapi sauti imekaa wazi. Weka vitu vinene mgongoni na pembeni mwa mahali hapo, tandika zulia, ziba matundu ya mlango, zima feni, sogea hadi shubiri moja, na urekodi tena. Linganisha rekodi hizo mbili. Baada ya hapo, shilingi ya kwanza iende kwenye hedifoni nzuri za kufunika masikio, ya pili kwenye fremu nene za kumeza sauti, na ya tatu, kama bado kuna kasoro inayosikika, ndiyo iende kwenye maiki. Mwenye kipaji hastahili kuambiwa kwamba umaskini wa vifaa ndio unaomfungia mlango, ilhali mlango wenyewe unafunguka kwa godoro na utulivu wa kusikiliza. Kabla ya kukopa fedha za maiki mpya, tengeneza chumba chako wiki hii.